Zawadi kwa Jina la Mtoto Aliyetangulia: Mwongozo kwa Wafiwa wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Mwongozo huu nauelekeza kwako wewe mzazi, au bibi, au shangazi, uliyerudi nyumbani kutoka hospitali bila ya mtoto uliyekwenda naye, na ambaye, baada ya matanga kuondolewa, mikeka kukunjwa na majirani kurejea katika shughuli zao, umebaki na swali ambalo hapana aliyekuuliza: jina la mtoto huyu litatajwa wapi tena? Mtu mzima akifariki huacha watoto, au shamba, au maneno ambayo watu huyarudia barazani, ilhali mtoto mchanga, hasa yule aliyeishi siku chache ndani ya mashine ya joto, aghalabu huacha nguo mbili tatu na kijitabu cha kliniki. Na jamaa, kwa huruma yao wenyewe, hujizuia kumtaja wakidhani kwamba kimya kitamponya mama. Mimi naamini kinyume chake. Mzazi aliyefiwa hutaka mtoto wake atajwe, na njia mojawapo ya kumfanya atajwe kwa kheri, mwaka baada ya mwaka, ni kutoa kwa jina lake kwa wale ambao usiku huu wamekaa pale pale ulipokaa wewe.

Wala usidhani kwamba msiba wako ni wa peke yako. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini Kenya, 21 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja, na 41 hawafikii umri wa miaka mitano. Bara hii ya Mombasa imeyajua mambo haya tangu zamani. Mwezi wa Julai mwaka 1844, Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa na miezi michache tu tangu afike Mombasa, na ambaye mwenyewe alikuwa kitandani kwa homa, alifiwa na mkewe Rosina na, siku chache baadaye, na binti yao mchanga, akawazika upande wa Nyali, ng'ambo ya kisiwa, ambako kaburi hilo huonyeshwa wageni hata leo. Na wazee wa Likoni hawahitaji kukumbushwa tarehe 29 Aprili 1994, siku kivuko cha Mtongwe kilipopinduka na watu 272 wakafa maji, kwa kuwa zipo nyumba ambazo siku hiyo zilizika zaidi ya mtu mmoja.

Kutoa kwa jina la marehemu nako si jambo geni kwetu. Allidina Visram alipofariki mwaka 1916, mwanawe alijenga shule kisiwani kwa jina lake, nayo ingali ikisomesha. Hospitali ya Pandya iliyoanza kazi Mombasa mwaka 1947 inabeba jina la J. B. Pandya aliyefariki mwaka 1942. Na Nairobi, mwaka uo huo wa 1947, hospitali ya watoto ya Gertrude's Garden ilianza kwa ukumbusho wa mke wa Ewart Grogan. Hao walikuwa watu wenye mali. Lakini pwani yetu ilikuwa na wakfu wa minazi na visima tangu kabla ya majengo hayo, na sharti lake, yaani kwamba kitu kikishatolewa kisirudi na manufaa yake yaendelee, halimtaki mtoaji awe tajiri. Mwislamu anayetoa kwa niaba ya marehemu wake akitaraji thawabu zimfikie, na Mkristo anayeomba misa ya ukumbusho kisha akapeleka kikapu wodini, na Mdigo au Mgiriama ambaye kwao sadaka ya wafu ina taratibu zake, wote wanaweza kukutana mlangoni mwa wodi moja bila ya mmoja kumbughudhi mwenzake kwa itikadi yake. Jambo moja tu nawasihi wote: zawadi iwe ndogo, iwe ya kudumu, na iwe ile inayotokana na yale uliyoyajua wewe usiku ule.

Maana mtaji wako wa kwanza si fedha. Ni maarifa ambayo tajiri aletaye lori la mchele mbele ya kamera hana, na ambayo wewe uliyapata kwa gharama isiyoelezeka. Wewe unajua kwamba mama aliyejifungua mtoto njiti huruhusiwa kutoka mapema, naye mtoto hubaki katika wodi ya watoto wachanga kwa wiki kadhaa, hivyo kwamba mama huyo si mgonjwa tena wala si mgeni wa kuangalia wagonjwa: hana kitanda kinachohesabiwa kwa jina lake, wala sahani ya chakula, na hata hivyo hana budi kuwapo kila baada ya saa tatu, mchana na usiku, ili akamue maziwa na kumlisha mwanawe kidogo kidogo. Unajua ugumu wa benchi usiku wa manane. Unajua kwamba simu ikizimika chaji, baba aliye kibaruani huko Changamwe, kwenye yadi za makontena, hawezi kuambiwa kwamba inatakiwa dawa isiyopatikana dirishani na ambayo sharti inunuliwe duka la nje. Unajua kwamba bibi aliyetoka Lunga Lunga amevuka ferini kwa miguu, ambako mtu halipi kitu, lakini nauli ya matatu ya kumrudisha Kwale hana, na kwa sababu hiyo amelala kwenye ukumbi akiwa amejifunika leso moja. Unajua fedheha ya kukosa pedi, na ya kuingia bafu la hospitali bila ya ndara. Unajua ni nani aliyekuletea chai ya moto pasipo kuombwa, na hutamsahau hadi kufa kwako.

Basi kazi ya kwanza, kabla ya kuchanga hata senti, ni kuchukua daftari na kuandika mambo mawili: yale uliyoyakosa, na yale uliyopewa ukafarijika. Usiandike yote kwa siku moja, maana kukumbuka huko kunaumiza. Na ikiwa baba wa mtoto yupo, naye aandike yake mbali, kwa kuwa wanaume huwekwa nje ya lango na mahitaji yao ni mengine, nao hawaulizwi. Kutokana na daftari hilo chagua kitu kimoja tu. Nimeona aila nyingi zikianza kwa orodha ndefu ya nepi, mafuta, mablanketi, juisi na vitanda, zikatoa kwa kishindo mwaka wa kwanza na zisionekane tena mwaka wa pili. Hali wodi ambayo imejua kwamba kila mwezi itapata katoni moja ya sabuni na pakiti ishirini za pedi hujipangia kwa zawadi hiyo, na kwa hakika huihitaji zaidi.

Kazi ya pili ni kuuliza. Hospitali Kuu ya Pwani, iliyoko kisiwani, ambayo watu wengi huiita Makadara, hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka kaunti zote sita za pwani, na ndiko walikofikia wengi wa wasomaji wangu katika saa ngumu. Lakini upande wetu wa bara kuna hospitali ya Likoni, na ya Mrima ambako wanawake wengi wa Likoni hujifungulia, na ya Port Reitz kwa watu wa Changamwe, na vituo vya afya kama vile Mlaleo kwa watu wa Kisauni, ambavyo wahisani huvipita njiani wakielekea pale panapojulikana zaidi. Usione haya kuchagua kituo kidogo. Ukishachagua, usiende wodini moja kwa moja na vikapu. Nenda ofisi ya msimamizi wa hospitali ukaombe ruhusa, kisha uonane na inchaji wa wodi, yaani nesi mwenye kuisimamia, baada ya madaktari kumaliza mzunguko wao wa asubuhi, umwulize swali lililo wazi: ni kitu gani kinachopungua hapa mwezi huu, ambacho mkikipata leo kitatumika leo? Mwonyeshe kitu ulichochagua katika daftari lako. Akikwambia kwamba hicho wanacho, usichukie. Yeye ndiye anayelifungua kabati.

Na yapo mambo ambayo haifai kuyapeleka hata kama moyo wako unakusukuma. La kwanza ni maziwa ya kopo ya watoto wachanga, pamoja na chupa za kunyonyeshea na chuchu za mpira. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 kuhusu bidhaa zinazowekwa badala ya maziwa ya mama inakataza vitu hivyo kutolewa kama zawadi, na sababu yake ni ya hekima: kopo la bure huisha kwa siku chache, na maziwa ya mama ambaye hakunyonyesha siku hizo hukauka, hapo tena mtoto hubaki bila ya hiki wala kile, au hupewa kopo lililochanganywa na maji mengi, machafu, akapata kuhara. Anayehitaji maziwa hayo kwa sababu za tiba huandikiwa na daktari. Unapotaka kumsaidia mama anyonyeshe, mlishe mama: uji wa wimbi, maharage, samaki, maji safi ya kunywa, na kikombe chenye kifuniko cha kukamulia.

Chakula kilichopikwa kina taratibu zake pia. Wagonjwa wenyewe wana maelekezo ya daktari, na chungu cha pilau kinachogawiwa kitanda kwa kitanda kinaweza kumdhuru aliyefanyiwa upasuaji jana. Kwa hiyo pilau yako wape wale walioko nje, kwenye mabenchi na chini ya miti, ambao ni wengi na ambao hawana anayewapikia. Mbichi nunua kwa jumla Kongowea alfajiri, ipikwe nyumbani, ifike ikiwa moto. Nguo kuukuu, wanasesere wa manyoya na maua nayaacha nje kabisa, maana wodi ya watoto wachanga inaogopa vijidudu kuliko inavyotamani mapambo. Wala usibebe vitu kwa mifuko ya plastiki, iliyokatazwa nchini tangu Agosti 2017. Kikapu cha ukili kinatosha, na mama atabaki nacho.

Ukiniuliza mimi ningechagua kitu gani, nitakujibu bila ya kusita: leso na kofia. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hawezi kuutunza ujoto wa mwili wake, na miongoni mwa tiba zilizothibitishwa kuokoa maisha yake ni kumfunga kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, saa nyingi za mchana na usiku. Njia hiyo ilianzishwa Bogotá, nchini Colombia, mwaka 1978, na uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliotangazwa mwaka 2021, ambao hospitali ya Muhimbili ya Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa mahali ulipofanyiwa, ulionyesha kwamba ikianza mara tu baada ya kuzaliwa, bila ya kungoja mtoto apate nguvu, vifo hupungua kwa robo. Kinachohitajika ni kitambaa kipana chenye kushika, kofia ya sufi, soksi na nepi. Pwani yetu inacho kitambaa hicho tangu zama za mabibi zetu. Doti moja ya leso kutoka Barabara ya Biashara ikikatwa hupata vipande viwili: kimoja cha kumfungia mtoto kifuani, cha pili cha kujistiri mama. Chagua leso ya pamba halisi iliyo laini, na lisome jina lake kabla ya kulipa, kwa sababu zipo zenye mafumbo ya wake wenza na ya kushindana, ambazo hazimfai mtu aliyejaa hofu. Chagua yenye dua au yenye shukrani. Ifue mara mbili itoke wanga wa dukani, ianike juani, kisha uipige pasi pande zote mbili. Kofia zishonwe kwa sufi laini, ndogo kuliko unavyofikiri: kichwa cha mtoto wa kilo moja na robo hakizidi ukubwa wa chungwa. Wanawake wa mtaa wakikaa pamoja alasiri ya Jumamosi, Bakarani au Mtongwe au Chaani, wanaweza kushona nyingi huku wakimtaja mtoto kwa jina lake, na kikao hicho peke yake, hata kabla ya kofia kufika hospitali, kimekwisha kumfaa mama wa mtoto.

Damu ni zawadi nyingine, nayo haina bei. Wanawake wanaovuja damu baada ya kujifungua, watoto waliopungukiwa na damu kwa malaria, na watoto wenye ugonjwa wa siko seli ambao pwani yetu inao wengi, wote hungojea mfuko wa damu uliotolewa na mtu wasiyemjua. Na damu haihifadhiki miezi mingi, hivyo kwamba haitoshi watu kutoa kwa wingi siku moja ya mwaka kisha wakasahau. Anayeruhusiwa kutoa ni mwenye afya njema, aliye baina ya miaka 16 na 65, na uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume aweza kurudia baada ya miezi mitatu, na mwanamke baada ya miezi minne. Kwa vijana wa kiume, binamu na ami za mtoto, ambao mara nyingi husimama kando katika misiba hii bila kujua la kufanya, hii ndiyo njia ninayoipendekeza. Mama aliyejifungua karibuni au anayenyonyesha yeye asitoe; zamu yake itakuja.

Sasa nije kwenye fedha, ambayo imevunja ukumbusho mwingi mwema. Wakati wa mazishi palikuwa na kamati: palikuwa na mtu aliyeandika majina ya waliochanga, na mwingine aliyeshika pesa, nao walifanya kazi yao kwa uaminifu mchana na usiku. Kamati hiyo usiivunje. Waombe watu hao hao wakutane tena baada ya miezi michache, wakubaliane mchango mdogo ambao muuza maji na mwenye duka wote wanauweza, na watoe hesabu mbele ya watu kila mwezi. Simu ya kupokelea M-Pesa isiwe ya mfiwa mwenyewe, maana siku atakapokosa unga atashikwa na mtihani ambao si haki kumtwika. Kundi likifika watu kumi laweza kusajiliwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya sheria ya vikundi ya mwaka 2022, likapata cheti na kufungua akaunti. Na mkitaka kuchangisha hadharani, sokoni au stejini au ferini, kuna ruhusa inayotakiwa na sheria, basi mwulizeni chifu kabla ya kushika kisanduku. Haya yanaonekana mazito kwa jambo la huruma, lakini jina la mtoto likishatajwa pamoja na wizi, hata wizi wa shilingi mia, halisafishiki kwa urahisi.

Mkijaliwa kupata akiba, usimpe fedha mkononi mzazi ambaye bili yake inamzuia kutoka. Nenda kwa afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye kazi yake ni kupima hali za wagonjwa na kuwaombea msamaha wa malipo wale wasioweza. Atakuonyesha nyumba ambayo imepungukiwa na kiasi kidogo, na mtalipa hospitalini moja kwa moja na kupewa risiti. Lakini yapo maradhi ya bili yanayokingika. Tangu Oktoba 2024, bima ya taifa iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, na asiye na ajira ya mshahara hupimwa hali yake, akatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, ambayo kwa kiwango cha chini kabisa cha shilingi 300 kwa mwezi ni 3,600. Wapo wajawazito wengi Timbwani na Mishomoroni ambao hawajajisajili kwa kuwa hawana simu nzuri au hawajui kubonyeza *147#. Kijana mmoja wa nyumba yenu, akifuatana na mhamasishaji wa afya wa mtaa, akiwapitia wanawake hao mlango kwa mlango na kuwasajili kabla ya uchungu kuwajia, atakuwa amewapa kitu kikubwa kuliko blanketi. Na kundi lenu likimlipia mwaka mmoja mjamzito asiye na uwezo, hiyo ni hiba kamili kwa jina la mtoto wenu.

Juu ya jina lenyewe nina neno ambalo nakuomba ulizingatie sana. Kikapu kiwe na kadi ndogo, na kadi iwe na jina la mtoto, lakini isiseme kwamba amefariki. Isiwe na tarehe mbili, wala picha yake, wala neno marehemu. Anayeipokea ni mama ambaye mwanawe yu ndani ya mashine ile ile, anahesabu pumzi zake, na ukimpa karatasi ya tanzia umemwonyesha jambo analoliogopa kuliko yote. Andika tu: kutoka kwa watu wa nyumbani kwa Salma, au kwa Baraka, au kwa jina lolote mlilompa, yeye atadhani Salma ni mtoto aliyepona akakua, na hapana dhambi katika kumwacha na dhana hiyo. Kwa sababu iyo hiyo, msiingie wodini kwa fulana zenye picha ya mtoto wenu, wala kwa msafara, wala kwa nyimbo. Waingie wawili, wanawe mikono, wasalimie, watoe, watoke.

Wala msipige picha. Mzazi aliyelala sakafuni hana nguvu ya kukataa mbele ya mtu aliyemletea sabuni, na kukubali kwake katika hali hiyo si ridhaa. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawakinga watoto na wagonjwa dhidi ya kutangazwa bila idhini. Wachangiaji wakitaka ushahidi, waonyeshwe risiti, na vikapu vilivyopangwa nyumbani kabla ya safari, na sahihi ya inchaji katika daftari la kupokelea. Sadaka haiharibiki kwa kukosa kuonekana, na riya imewaharibia wengi.

Kwa mama ambaye mtoto wake amefariki pale pale, asubuhi ile, hali ni nyingine, na hapa wewe mfiwa una idhini ambayo wengine hawana. Mara nyingi atakuwa amelala wodi moja na wenzake wanaonyonyesha, maziwa yanamjaa, na hana wa kumpa. Mwulize inchaji kama inafaa umwone. Ukiruhusiwa, kaa chini yake au sambamba naye, usisimame juu yake, umwambie: pole mama, nami mwanangu alilazwa hapa. Mwulize jina la mtoto. Yamkini wewe ndiwe mtu wa kwanza kumwuliza. Usimwambie kwamba atapata mwingine, wala kwamba bado ni kijana, wala kwamba Mungu amempenda zaidi; hata kama itikadi yako inakuambia hivyo, mwache ayafikie mwenyewe kwa wakati wake. Mwonyeshe namna ya kukishikilia kifua kwa leso, bila ya kukibana, ili maumivu ya maziwa yapungue, na umwulize kama anayo nauli ya kurudi kwao, na sanda. Kikundi chenye kuweka akiba ya kafani chache za watoto, na namba ya dereva mwaminifu wa tuktuk au wa gari la kufikisha mwili Kilifi au Kwale, kimefanya jambo ambalo familia hiyo haitalisahau.

Na lini uanze? Usianze kabla ya arubaini, na hata baada yake usikimbie. Yupo anayeweza kurudi wodini baada ya miezi mitatu, na yupo ambaye harufu ya dawa ya sakafu itamwangusha hata baada ya miaka mitatu. Huyo wa pili akae nyumbani ashone kofia, dada yake ndiye apeleke. Siku ya kuzaliwa kwa mtoto yafaa zaidi kuliko siku ya kufa kwake, kwa kuwa ndugu zake wadogo wanaweza kuifurahia, wakafunga vikapu na kuuliza habari zake pasipo kuogopa. Wengine huchagua tarehe 15 Oktoba, ambayo katika nchi nyingi ni siku ya kuwakumbuka watoto waliofariki tumboni au baada ya kuzaliwa, au tarehe 17 Novemba, siku ya watoto njiti. Ramadhani na Krismasi ningekushauri uwaachie wengine, maana miezi hiyo hospitali hupata vyakula hata vikabaki. Bali mwezi wa Januari, ada za shule zinapowabana watu wote, na mwezi wa Mei, mvua za masika zinapokata njia na malaria inapopanda, makabati ya wodi huwa matupu na milango haina mgeni.

Basi wiki hii andika ukurasa wa kwanza wa daftari lako, na wiki ijayo, mchana wa siku ya kazi, nenda Likoni, au Mrima, au Port Reitz, au Mlaleo, ukiwa mikono mitupu, ukamwone inchaji na kumwuliza lile swali moja. Kikapu kitafuata.